Naomba ushauri: kubadilisha safu ya bei tovuti ikiwa hewani
Habari zenu wakuu. Natunza tovuti ya duka la vipuri vya magari hapa Kirinyaga Road, Nairobi. Hifadhidata ni MySQL, naingia kwa phpMyAdmin (ukurasa wa kuisimamia kwenye kivinjari). Aliyeijenga aliweka bei kama maandishi, "1,200/=", kwa hiyo mteja akipanga kuanzia bei nafuu, 950 inakuja baada ya 1,200. Inaudhi kweli. Nataka safu iwe ya namba, lakini oda huingia hata usiku wa manane na mwenye duka hataki tovuti izimwe.

Nakala rudufu nimechukua kwa mysqldump (programu ya kunakili hifadhidata), na nilipojaribu kwenye kompyuta yangu badiliko limekubali.

Je, niongeze safu mpya ya DECIMAL (aina ya namba zenye desimali) kando ya ile ya zamani, nihamishe bei, ndipo niguse msimbo wa PHP unaoendesha tovuti? Na bei zitakazobadilishwa katikati ya kazi, nizinase vipi zisipotee?