Benki Kuu imeshusha riba, benki yangu imenyamaza. Nisaini?

Muuza_Unga (Lubumbashi): Bandugu, silali. Oktoba 2025 Benki Kuu yetu iliteremsha riba kutoka 25% hadi 17.5%. Mkopo wangu wa miaka 5, benki bado inataja bei ileile. Nisubiri ao nisaini?

Fundi_Katuba: Kama unajenga, kimbia mabati mepesi. Yangu upepo uliyapeleka kwa jirani, akaezekea jiko.

Yaya_Hesabu: Benki Kuu hupanga riba ya siku chache, ile inayowakopesha mabenki. Ya miaka mingi hufuata hofu ya mwenye pesa: bei zitapanda vipi, serikali itakopa kiasi gani, wewe utalipa au utahama. Marekani walianza kushusha Septemba 2024, lakini riba ya deni la serikali la miaka 10 ikatoka chini ya 4% ikawa juu ya 4.5% Januari 2025. Mkopo wako ni wa falanga au dola?

Muuza_Unga: Inabadilisha nini?

Yaya_Hesabu: Jibu.

Muuza_Unga: Dola. Nauza kwa falanga, ndiyo. Lakini dola imeshuka, ilikuwa karibu falanga 2,800, ikaenda chini ya 2,500! Na karatasi za parsele, kiwanja cha mama, ziko benki tayari. Nimezionyesha tu.

Yaya_Hesabu: Basi hiyo 17.5% ni ya falanga, haikuhusu. Riba ya dola hutazama Marekani, halafu huongezwa woga wa Kongo. Dola ikirudi 2,800, deni ni lilelile, makopo ya unga ya kuuza ili ulipe ndiyo yataongezeka.

Ex_Zaire: Woga huo una sababu. 1993 tulipewa pesa ya zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Mshahara nilipokea asubuhi, jioni nikanunua chumvi.

Mama_Bukari: Mama yako anajua?

Muuza_Unga: Ataelewa gari likifika.

Fundi_Katuba: Kumbe ni gari!

Mpelelezi: Ngojeni. Mwezi jana huyu alikuwa na taksi mbili Bukavu, akiomba ushauri wa talaka. Hadithi hii.

Muuza_Unga: Akaunti natumia na kaka.

Fundi_Katuba: Mwenye taksi? Akope yeye.

Mpelelezi: Tuma picha ya unga.

Muuza_Unga: [picha: kopo la maziwa lililobonyea, unga umerundikwa mpaka unamwagika mezani, bahasha ya kaki nyuma]

Mama_Bukari: Mwanangu, nimeikuza. Kwenye bahasha umeandika «kesho saa tatu, kusaini».