Bhajia ni viazi au dengu? Wakenya na Watanzania tuelewane leo

pwani_damu: Jamani nimetoka Unguja juzi nimefika Nairobi kwa shemeji, akasema leo jioni tunakula bhajia. Nikakaa mkao wa kula kabisa. Kuletewa, ni slesi za viazi zimepakwa unga wa dengu! Mimi najua bhajia ni dengu au kunde, umeloweka usiku, umesaga, umetia kitunguu na kotmiri, unadondosha kidogo kidogo kwenye mafuta. Kiazi kikipondwa kikaviringwa ni kachori. Kikichemshwa kikachovywa kwenye uji wa unga, wenzetu wa Mombasa wanaita viazi karai. Nani kabadilisha jina?

Waru254: Hizo ni bhajia tangu nizaliwe. Viazi vinakatwa nyembamba, unga wa dengu, dania, pilipili, kwisha. Bhajia za Maru nani hajui hapa Nairobi? Na nyinyi Watz msitufundishe mambo ya viazi, nyinyi si ndio mnafunika chips na mayai ndio mtu asione ni za jana

mtoto_wa_ilala: ZA JANA?? Umewahi kusimama mbele ya banda la chipsi wewe? Zege inatengenezwa unaiangalia. Anamwaga chipsi kwenye frampeni, anavunja mayai mawili juu, anaacha yashike, anafunika na sahani anageuza upande wa pili, kachumbari pembeni, pilipili ya kuminya. Ndo maana inaitwa zege, imeshikana. Za jana zinafichwa saa ngapi hapo

mjukuu_wa_duka: Naomba niseme kidogo. Neno lenyewe limekuja na Wahindi, na kwao bhajia ni kitu chochote ulichochovya kwenye unga wa dengu ukakaanga, kitunguu, kiazi, hata pilipili nzima. Kwa hiyo Nairobi wameshika kiazi, Unguja wakaendelea na dengu lenyewe. Hakuna aliyeiba jina la mwenzake.

Waru254: @mtoto_wa_ilala mayai mawili kwa sahani nzima, hiyo si ni kupaka rangi tu. Kuja ukule chips masala bro

mtoto_wa_ilala: Mimi si bro wako. Chipsi masala ni chipsi zimeloweshwa nyanya zikawa laini kama uji, chipsi lazima ilie kwenye meno. Na nyie ndo mlikosa chipsi nchi nzima mwaka ule mpaka mkaanza kugombana mtandaoni, nakumbuka

Waru254: Si nchi nzima, usipotoshe watu. Ilikuwa KFC, Januari 2022, viazi vyao vilikuwa vinatoka Misri, meli zikachelewa, wakaanza kuambia watu wachukue ugali. Babangu analima viazi aina ya shangi huko Nyandarua, wiki hiyo hiyo alikuwa na magunia kwa stoo hana wa kununua. Usiguse hiyo story kama hujui vile ilituuma. Sisi kukosa viazi!

mama_chipsi_mwanza: Mimi nimerudi kwenye hiyo "za jana" maana nauza chipsi mwaka wa kumi na moja sasa na imeniuma sana. Asubuhi tunazikaanga nusu tunazitoa, zinakaa kwenye kabati la kioo, mteja akija zinarudi kwenye mafuta ya moto dakika chache ndo zinakuwa kavu nje laini ndani. Wewe unaziona zimepauka kwenye kioo unadhani zimelala. Hazijalala baba, zinakusubiri wewe.

Waru254: Sawa mama, kwa hiyo naomba radhi. Lakini huyo wa Ilala simuombi

muscat_kwetu: Nyinyi mnagombania nusu ya neno tu. Huku Oman ukisema chips unaletewa krispi za pakiti, Chips Oman, tena wanazivunja ndani ya paratha na jibini. Nilipokuja mara ya kwanza nimetoka Zanzibar na njaa zangu, nikaagiza kuku na chips, muuzaji kanipa kuku kwenye foili na pakiti juu yake. Marekani pia ndo hivyo hivyo, chips ni za pakiti, zetu wanaita fries. Waingereza ndo tunaelewana nao.

mtoto_wa_ilala: Paratha na krispi?! Hapo sasa hata Mkenya ana afadhali

pwani_damu: Lakini swali langu mmeliacha njiani. Mjukuu_wa_duka amejibu vizuri peke yake na hakuna hata mmoja aliyemsoma. Mimi bado nasema ukiniita bhajia niambie mapema ni za nini, maana nilikuwa nimeshaomba chatini ya nazi na shemeji akaniletea ya nyanya, nikala kimya kwa heshima.

Waru254: Chatini ya NAZI kwa bhajia??

mama_chipsi_mwanza: Eh, hiyo ya nazi inatengenezwaje? Nikaiweke bandani