Sushi ya kula mpaka ushibe: tupande treni hadi Dar au twende zetu Msalato?

Mtumishi_AreaC
Wakuu, shemeji yenu kaona sushi, ule wali wa Kijapani wenye samaki mbichi, kwenye simu, sasa nyumba haina amani. Ukumbusho wa ndoa unakaribia. Nina laki na nusu, nauli humo humo. Kuna SGR hadi Dar tukale sushi ya bei moja mpaka ushibe, kuna bafe ya hoteli hapa Dodoma mjini Jumapili, kuna nyama mnadani Msalato. Lipi lina maana?

Nkuhungu_Ndani
Mkuu, daraja la kawaida ni 31,000. Watu wawili, kwenda na kurudi, 124,000. Unabakiwa na 26,000. Hapo mtakula tangawizi tu.

Dada_wa_Kisasa
Mimi nimekula hiyo ya mpaka ushibe, tulipokuwa Dar kwa semina. Mnapewa dakika 90 na karatasi ya kuweka tiki, na kila kipande mtakachobakiza kinatozwa. Utaratibu umetoka Japani, kule wanauita tabehodai. Kosa letu tulianza na roli, yaani wali ulioviringishwa, za kamba wa kukaanga. Ule wali una siki na sukari, unajaza upesi. Sahani ya tatu watu wameshalegeza mikanda na samaki mwenyewe hajafika! Mwenzetu mmoja akaviringisha vipande vinne kwenye tishu, akatia mfuko wa shati ili asilipishwe. Shati jeupe. Sosi ya soya ikaanza kuchora ramani kifuani mhudumu akiwa amesimama pale pale.
Anzeni na samaki mtupu bila wali, kisha nigiri, yaani tonge la wali lenye samaki juu. Roli mwisho kabisa.

Kizota_Mjuaji
Na mkikuta sahani zinazunguka kwenye mkanda, hiyo ilianza Osaka mwaka 1958. Bwana Shiraishi aliona chupa zikipita kiwanda cha bia, akapata njia ya kuuza sushi rahisi bila wahudumu wengi. (Najua hukuuliza.)

mlenda_mkavu
Kwani lazima Dar? Perege wa Mtera wapo, mchele upo, viringisheni nyumbani.

Dada_wa_Kisasa
Weee! Samaki wa maji baridi haliwi mbichi, anaweza kuwa na minyoo. Hata wengi wa baharini hugandishwa kwanza, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba, na friji ya nyumbani umeme ukikatika mara mbili hiyo hesabu imekufa. Ukitaka ya nyumbani weka tango, parachichi, yai, kamba wa kuchemsha. Na mchele wetu tunausifia ukichambuka. Wa sushi sharti ushikane.

Mzee_wa_Mnadani
Jumamosi, Msalato, mbuzi anageuzwa mbele ya macho yako, ndizi pembeni. Nani atakushikia saa?

Nkuhungu_Ndani
Bafe ya hoteli mbona hamuisemi?

Mzee_wa_Mnadani
Pilau ipo Jumapili zote, kijana.

Mtumishi_AreaC
Nimemsomea mwenyewe. Kasema Jumamosi hii Msalato, ila treni iko pale pale, nianze kudunduliza. Dada, hizo dakika 90 zinahesabiwa tukikaa au sahani ya kwanza ikifika?

Dada_wa_Kisasa
Mkikaa. Msalani nendeni kabla.