Kufanya kazi kwa mbali nikiwa ugenini: je, intaneti ndiyo kikwazo kikubwa?

Mfasiri

Ndugu zangu, salamu. Mimi ni mfasiri niliyeajiriwa na kampuni yenye ofisi London, na kwa miaka miwili sasa kazi yangu yote naifanya kwa kompyuta ya mkononi bila kukanyaga ofisini. Kuanzia Januari ninakusudia kusafiri kwa miezi sita huku kazi ikiendelea: miezi miwili Lisbon, miwili Bangkok na miwili Mexico City, na katika kila nchi ningependa kuhama makazi kila baada ya wiki mbili ili nione mengi.

Ninachohofia zaidi ni intaneti. Nitajuaje kabla ya kulipia nyumba kwamba mtandao wake unafaa, na nibebe vifaa gani? Pia nimesikia kwamba mtu akikaa chini ya siku 183 katika nchi hadaiwi kodi yoyote, na kwamba viza ya utalii inatosha kwa kuwa mshahara unatoka nje. Naomba anayejua anithibitishie. Mwajiri sijamweleza bado, kwa sababu sioni kitakachobadilika katika kazi yenyewe.

Fundi wa Mitandao

Nianze na hilo la intaneti, ingawa kwa maoni yangu ndilo jepesi kuliko yote uliyoyataja. Watu wengi hupima kasi ya kupakua peke yake, wakasahau kwamba katika mkutano wa video wewe nawe unatuma picha na sauti, kwa hiyo kasi ya kupakia ndiyo itakayokuumbua mbele ya wenzako. Mkutano wenye picha safi huhitaji takribani megabiti 3 hadi 4 kwa sekunde kila upande, na hicho si kiasi kikubwa. Mwombe mwenye nyumba akutumie picha ya kipimo kilichochukuliwa jioni, wakati majirani nao wako mtandaoni, tena ndani ya chumba utakachofanyia kazi na si pale sebuleni kilipo kifaa cha waifai. Maneno "intaneti ya kasi" kwenye tangazo hayana uzito wowote.

Lipo hata hivyo jambo ambalo kipimo hicho hakilionyeshi, nalo ni umbali. Ikiwa programu yenu ya tafsiri iko kwenye seva ya London, kila unapobonyeza kitufe ishara inakwenda huko na kurudi. Ndani ya nyuzi za kioo mwanga husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, na Bangkok iko zaidi ya kilomita 9,500 kutoka London kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo safari ya kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 95, na kwa kuwa nyaya hazipiti kwenye mstari ulionyooka, muda halisi huzidi hapo sana. Hakuna kifurushi utakachonunua kikaondoa kuchelewa huko. Ukiweza, fanya kazi kwenye faili zilizohifadhiwa katika kompyuta yako, kisha uzipakie ukimaliza. Na ukipangishwa nyumba inayotumia setelaiti za zamani, zile zilizo kilomita 36,000 juu ya dunia, ujue kila neno litachelewa zaidi ya nusu sekunde kabla hujasikia jibu, na mazungumzo yatakuwa ya kukatana kauli.

Kuhusu vifaa sina mengi. Uwe na laini ya simu ya kampuni tofauti na ile inayoleta intaneti nyumbani, ili zisizimike pamoja. Adapta hubadilisha umbo la plagi tu, haibadilishi volti. Mexico hutumia volti 127, lakini chaja yenye maandishi 100–240 haitadhurika. Pawabenki iwe chini ya wati-saa 100 na uibebe mkononi ndani ya ndege, kamwe usiiweke kwenye mzigo unaokabidhiwa. Ile ya miliampia-saa 20,000 kwa volti 3.7 ni wati-saa 74, basi haina tatizo.

Mhasibu

Ndugu Mfasiri, sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonishtua. Kinachobadilika ni mahali kazi inapofanyikia, na sheria nyingi za kodi, bima na hifadhi ya jamii zimejengwa juu ya mahali hapo, si juu ya akaunti mshahara unakoingia. Kampuni yako inaweza kujikuta na wajibu katika nchi ambayo haijawahi kuifikiria. Isitoshe, matini unayotafsiri huenda yana taarifa binafsi za wateja, na sheria za ulinzi wa data za Uingereza na za Umoja wa Ulaya zina masharti kuhusu taarifa hizo kupelekwa nje. Usidhani utafichika: mfumo wa kampuni huona umeingia ukiwa nchi gani, na ukitumia VPN yako binafsi, yaani programu inayoficha mahali ulipo mtandaoni, kujificha utakuwa umeongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Sasa siku 183. Namba hiyo ni ya kweli, lakini imebebeshwa maana isiyo yake. Nchi nyingi huitumia kuamua nani ni mkaazi wa kikodi, yaani anayehesabiwa kuwa mlipakodi wa nchi hiyo, ingawa si zote. Thailand, kwa mfano, huhesabu siku 180 ndani ya mwaka wa kalenda. Pia imo katika mikataba ya kuepuka kutozwa kodi mara mbili, na mingi ya mikataba hiyo hufuata kielelezo cha OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi ambazo nyingi ni tajiri. Humo siku 183 ni sharti moja kati ya matatu: usizidishe siku hizo katika miezi kumi na miwili, mwajiri asiwe mkaazi wa nchi uliyoitembelea, na mshahara usibebwe na tawi lake lililoko huko. Pasipo mkataba, nchi inaweza kudai kodi ya kazi iliyofanyika katika ardhi yake tangu siku ya kwanza. Na nchi unayoitoka haikuachilii kwa sababu tu umepanda ndege.

Kuhusu viza, katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizofuta ukaguzi wa mipaka kati yao, Ureno yenye Lisbon ikiwemo, wageni wa muda mfupi wanaruhusiwa siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Miezi yako miwili inaenea humo, lakini kuhesabiwa siku ni jambo moja na ruhusa ya kufanya kazi ni jingine. Ureno ilifungua viza ya wafanyakazi wa mbali mwaka 2022, nayo hudai kipato kisichopungua mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa huko. Thailand ilianzisha yake mwaka 2024, ya miaka mitano, inayoruhusu kukaa siku 180 kila unapoingia.

Mzoefu wa Njia

Naheshimu maelezo ya Mhasibu, ila nina miaka minne njiani kwa viza za utalii na sijawahi kuulizwa na afisa yeyote kama nilijibu barua pepe nikiwa hotelini. Tusimtishe ndugu yetu kupita kiasi.

Yaliyonitesa mimi ni mengine. La kwanza ni saa. Lisbon na London huenda pamoja mwaka mzima, kwa hiyo huko utafanya kazi kama uko nyumbani. Bangkok mwezi Machi, mkutano wa saa kumi alasiri ya London utakukuta saa tano usiku, kisha Jumapili ya mwisho ya mwezi huo Uingereza itasogeza saa mbele na mkutano uleule utakuwa saa nne usiku, bila wewe kugusa chochote. Mexico City mwezi Mei ndipo penye kasheshe: wenzako wakifungua ofisi saa tatu asubuhi, kwako ni saa nane usiku. Muulize meneja wako ni saa zipi lazima muwe pamoja, kabla hata ya kuuliza bei ya tiketi.

La pili ni namba ya simu. Benki yangu ilikuwa ikituma misimbo ya siri kwa ujumbe mfupi kwenye laini ya nyumbani. Laini hiyo nilikaa miezi bila kuiongezea salio, ikafungwa, na nilipotaka kulipa kodi ya nyumba nikajikuta mgeni katika akaunti yangu mwenyewe. Kuifufua kulihitaji nifike dukani ana kwa ana, katika nchi niliyokuwa mbali nayo kwa safari ya ndege mbili. Tangu hapo natumia programu inayozalisha misimbo ndani ya simu, ambayo hufanya kazi hata pasipo mtandao, na misimbo ya kurejesha akaunti nimeiandika kwenye karatasi isiyokaa mfuko mmoja na simu.

Na hayo ya kuhama kila wiki mbili, yaache. Kila nyumba mpya hula siku mbili za kazi: kufungasha, kusafiri, kugundua kwamba meza ni fupi na kiti ni cha kulia chakula, kutafuta pembe isiyo na kelele.

Mhasibu

Kutokuulizwa si sawa na kuruhusiwa. New Zealand ililazimika kubadilisha masharti yake Januari 2025 ndipo wageni wakaruhusiwa wazi kuwafanyia kazi waajiri wa nje, na kama ruhusa ilikuwepo tayari, mabadiliko hayo yangekuwa ya nini? Mzoefu wa Njia anahatarisha safari yake mwenyewe. Mwajiriwa humburuta na mwajiri wake hatarini.

Mfasiri

Nawashukuru nyote. Nimezungumza na meneja wangu juzi, naye hakukasirika kama nilivyotarajia, bali alinipeleka kwa mwanasheria wa kampuni. Wamenikubalia Lisbon kwa siku thelathini za kazi, kwa kompyuta ya kampuni na mtandao wao salama, kwa sharti kwamba nithibitishe ruhusa ya kufanya kazi kulingana na pasi yangu. Bangkok wataijadili baada ya kuona hiyo ya kwanza inavyokwenda. Mexico City nimeiondoa mwenyewe nilipopiga hesabu ya saa nane usiku, nitakwenda huko likizo.

Nyumba nimechukua moja tu kwa muda wote, na kipimo cha kupakia nilichotumiwa kinatosha. Misimbo ya akaunti mbili za benki nimeshaihamishia kwenye programu. Benki ya tatu inataka nifike tawini na kitambulisho, nitakwenda Jumatatu.