Mama amezuiwa kaunta ya ndege kwa sababu ya kifua. Fomu ya daktari inajazwaje?

Fundi Vipuri Tanga
Jumatatu, saa 2:10 usiku

Habari za jioni wanajukwaa. Naomba mnivumilie, nitarefusha kidogo.

Mama yangu ana miaka 68. Mwaka 1998 aliugua TB, akameza dawa miezi minane kama ilivyokuwa enzi hizo, akapona, lakini mapafu yalibaki na makovu. Juu ya hayo amepika maandazi kwa kuni hapa Ngamiani zaidi ya miaka thelathini, na ndiyo yaliyotusomesha. Nyumbani anajitegemea, anafua, anakwenda msikitini kwa miguu. Ila kwenye ngazi lazima asimame. Anashika ukuta, anabana midomo na kupuliza taratibu kama mtu anayepoza chai. Baada ya dakika mbili anaendelea.

Dada yangu yuko Muscat, amejifungua mtoto wa kwanza, na mama hana wimbo mwingine ila kumpakata huyo mjukuu. Tukakata tiketi ya kupitia Addis Ababa kwa kuwa ilikuwa nafuu. Tukapanda basi la alfajiri, tukalala Magomeni, kesho yake tukawahi uwanjani. Foleni ilikuwa ndefu, na tulipofika kaunta mama alikuwa anahema. Mfanyakazi akauliza, "Mama anaumwa?" Nikajibu ni kifua cha zamani tu. Akamwita mkubwa wake, nao wakatuambia hawezi kusafiri bila kibali cha daktari. Hawakututolea maneno mabaya, nasema kweli. Lakini mama alilia mbele za watu, begi la nguo za mtoto likiwa mapajani. Katika maisha yangu sijapata kumwona akilia hadharani.

Nimepewa fomu inaitwa MEDIF, Kiingereza kitupu. Inajazwa na daktari yeyote au bingwa? Oksijeni ya ndegeni inaombwaje? Kuna jirani ananishauri safari ijayo nimpe mama dawa ya kikohozi, akae kwenye kiti cha magurudumu, tuseme tatizo ni miguu. Nafsi inakataa, ila mtoto naye anakua na bibi yake hajamwona.

---

Nesi wa Zamu
Jumatatu, saa 3:05 usiku

Pole sana kaka, na mama mfikishie shikamoo yangu. Niko kliniki ya kifua huku Moshi, kwa hiyo nitajibu yanayohusu mwili. Ya tiketi wenyewe wapo.

La jirani lifute kabisa. Watu wengi hudhani hewa ya ndani ya ndege ni ile ile ya uwanjani. Ndege ikishakuwa juu, mgandamizo wa hewa ndani yake unakuwa kama wa mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400. Kwenye hizo 2,400 ni sawa na kuvuta hewa yenye oksijeni asilimia 15, wakati hii tuliyoizoea ina 21. Mimi na wewe tutasinzia tu wala hatutajua. Mapafu yenye makovu hayana akiba, na mama atakaa humo masaa bila mahali pa kushuka.

Nikuulize jambo moja. Mama ameshawahi kupanda Lushoto? Alikuwaje kule?

---

Fundi Vipuri Tanga
Jumatatu, saa 3:21 usiku

Dada Nesi, umenishtua. Mwaka jana tulikwenda kuzika Lushoto. Usiku kucha mama alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, na asubuhi kucha zilikuwa na rangi ya zambarau. Tukasema ni baridi, tukamwongeza blanketi.

---

Nesi wa Zamu
Jumatatu, saa 3:48 usiku

Si baridi peke yake, kaka. Lushoto ni kama mita 1,400 tu, na hewa ya ndani ya ndege ni ya juu kupita hapo. Tena angalia hiyo njia yenu: uwanja wa Addis Ababa wenyewe uko juu ya mita 2,300. Ina maana mama angeshuka kusubiri ndege ya pili na bado angekuwa mlimani, na kama ni kusubiri saa nne, ni saa nne bila nafuu. Nikisema ukweli wangu, wale waliowarudisha wamekuepusha na kitu kibaya, ingawa najua lilivyouma.

Sasa fanya hivi. Nenda naye kliniki ya kifua pale hospitali ya Bombo, aonwe na daktari anayejua mapafu. Kisa cha Lushoto mweleze kama ulivyotueleza sisi, na kucha usizisahau, maana kile kina thamani kuliko karatasi nyingi. Apimwe kwa kile kibanio cha kidoleni kinachosoma asilimia ya oksijeni kwenye damu akiwa amekaa, halafu atembee mita 50 kwa mwendo wake wa kawaida, apimwe tena. Mwongozo wa mwaka 2002 wa madaktari wa kifua wa Uingereza uligawa hivi: aliyekaa akasoma zaidi ya 95 anasafiri bila oksijeni, chini ya 92 apewe oksijeni njiani, wa katikati mwenye hatari nyingine apimwe zaidi. Miongozo ya baadaye ikasema namba ya kukaa peke yake haitoshi. Kuna watu wanasoma vizuri wakiwa kitini, wakifika juu wanaporomoka, na mama yako kwa ninavyomwona anaweza kuwa mmojawapo.

Jingine, mwombe daktari apime makohozi na aandike waziwazi kwamba TB ilitibiwa ikaisha. Mwenye TB ya kuambukiza haruhusiwi kupanda ndege, kwa hiyo shirika likiona neno hilo kwenye fomu bila maelezo, litakwama hapo hapo.

---

Mkata Tiketi Posta
Jumanne, saa 1:30 asubuhi

Nimekata tiketi miaka kumi na moja, nikusaidie upande wangu.

MEDIF ina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya abiria au wakala: jina, namba ya ndege, kama anahitaji kiti cha magurudumu, oksijeni, mtu wa kumsindikiza. Ya pili ni ya daktari anayemtibu. Daktari yeyote mwenye usajili anaweza kuijaza, ila bingwa wa kifua akiandika, maswali yanapungua. Halafu uelewe kitu ambacho wateja wengi hawakijui mpaka wanakwama: daktari wenu anapendekeza, anayekubali au kukataa ni daktari wa shirika la ndege. Muhuri wa hospitali hauwafungi.

Kwa hiyo usilipie tiketi kwanza. Wekesha nafasi, peleka fomu ofisini, subiri jibu. Wengi wanataka iwafikie saa 48 mpaka 72 kabla ya safari, mimi nawaambia wateja wangu wiki nzima. Lakini isijazwe mapema mno pia, maana fomu iliyojazwa zamani hawaipokei.

Oksijeni inaombwa humo humo, daktari aandike lita ngapi kwa dakika, na mashirika mengine yanaitoza. Mtungi wenu wa nyumbani hampandi nao. Na oksijeni ya shirika ni ya hewani tu, haimfuati kwenye chumba cha kusubiria. Ndiyo maana namuunga mkono Nesi: tafuta ndege ya moja kwa moja, ni saa tano na ushee.

Kuhusu kiti cha magurudumu, omba chenye alama ya WCHS, ndiyo ya mtu asiyeweza ngazi. WCHR ni ya mtu asiyeweza mwendo mrefu lakini ngazi anapanda. Ukiandikiwa hiyo, mtafika chini ya ndege mama atazamwe apande ngazi zote.

---

Mpita Njia 77
Jumanne, saa 4:12 asubuhi

Samahani kwa kuingilia. Ndegeni si kuna zile barakoa zinazodondoka juu ya kiti? Kwa nini asivae hizo akizidiwa?

---

Mkata Tiketi Posta
Jumanne, saa 4:40 asubuhi

Zile ni za dharura ya ndege nzima, hewa ikitoka ndani. Katika ndege nyingi zinatengeneza oksijeni kwa kemikali kwa muda wa kama robo saa tu, ili rubani ashuke chini haraka. Hazifunguliwi kwa abiria mmoja. Wahudumu wana mitungi midogo ya huduma ya kwanza, na hiyo haikupangwa kumvusha mgonjwa safari nzima.

---

Bint Mwera
Jumanne, saa 9:15 alasiri

Assalaam aleikum. Mie niko Muscat, kwetu Unguja. Baba yetu, Mungu amrehemu, tulimleta huku akiwa na mapafu ya sigara, basi nikupe tuliyoyaona.

Sisi tulichukua ile mashine ndogo ya kutengeneza oksijeni, ya kuning'iniza begani. Inavuta hewa ya hapo hapo na kuichuja, haina mtungi. Ila kila shirika lina orodha yake ya mashine inazozikubali, uliza jina la mashine kabla hujakodi. Na betri zitoshe mara moja na nusu ya safari. Safari ya saa tano na nusu, uwe na betri za saa nane na robo. Ndege ikichelewa kuruka ndipo utashukuru. Betri za akiba zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, vichwa vyake umevibandika tepu, kwenye begi la chini haziruhusiwi. Dawa na pampu ya kuvuta pia mkononi.

Mkalishe karibu na choo. Baba alikuwa hanywi maji kwa kuogopa kutembea, akafika midomo imekauka kabisa. Hilo hakuna daktari aliyetuambia, na linaniuma mpaka leo.

Mwambie mama mjukuu hakimbii. Awasili mzima ndiyo furaha.

---

Fundi Vipuri Tanga
Wiki tano baadaye, Jumapili, saa 12:40 jioni

Wanajukwaa, naleta mrejesho.

Kwanza nilikosea. Kwa haraka nilianza na kituo kimoja cha binafsi, wakataka kugonga muhuri bila hata kumsikiliza mama kifua. Nikakumbuka maneno ya Nesi, nikachukua fomu yangu nikaondoka.

Bombo tulikaa tangu saa moja asubuhi mpaka saa nane mchana, lakini yule daktari alimsikiliza mama kweli kweli. Nilipofika kwenye kucha za Lushoto akaweka kalamu chini, akamshika mama mkono, akatazama kucha moja moja. Kibanio kilisoma 94 akiwa amekaa. Wakatembea ukumbini, daktari mwenyewe ubavuni kwa mama, na waliporudi ikasoma 87. Mama akaniangalia kama amefeli mtihani. Daktari akamwambia, "Mama, hii namba ndiyo itakayokupeleka kwa mjukuu." Akaandika lita mbili kwa dakika, safari yote, na asindikizwe. Makohozi yalirudi safi.

Shirika lilijibu baada ya siku nne, likauliza swali moja kuhusu dawa zake, kisha likakubali. Tiketi ya moja kwa moja ilitugharimu zaidi, na yangu ya kumsindikiza juu, nimeuza pikipiki. Mama alivaa mipira ya puani tangu kabla ya kuruka mpaka tunatua, akalala kama saa mbili. Nilikuwa namchungulia kucha kila mara, zilibaki na rangi yake. Viti vyetu vilikuwa safu ya pili kutoka chooni, Bint Mwera, na maji alikunywa.

Ninavyoandika yuko sebuleni kwa dada, mtoto kifuani, na mtoto anamvuta ushungi.

Sasa nina swali jingine. Anarudi baada ya Idi, na fomu ile ilikuwa ya kwenda tu. Bint Mwera, huko Muscat mlikwenda kwa daktari wa namna gani kujaza ya kurudi, na mlianza siku ngapi kabla?