Kifundo cha pembeni kimefika mwisho, risasi bado zinagonga kushoto

Mtazama_Mbali
Wakuu, naomba msaada, hasa kwa mliozoea kufunga darubini wenyewe. Bunduki yangu ni ya komeo, inatumia risasi za .308. Nimeifungia darubini mpya, kliki moja ni robo MOA (MOA ni kipimo cha pembe, sehemu ya 60 ya nyuzi moja), na karatasi yake inasema kifundo cha pembeni, kile cha kusogeza kulia na kushoto, kina MOA 40 kwa jumla. Beisi, zile zinazofungwa juu ya bunduki, ni vipande viwili, na pete zinazoshika darubini juu yake zimeachana sentimita 10 hivi.

Nimezungusha kifundo kwenda kulia mpaka kimegoma, na bado kwenye mita 100 matundu yanakaa sentimita 12 kushoto mwa alama. Kundi lenyewe ni dogo, matundu yanakaribia kugusana, kwa hiyo sidhani kama ni mkono wangu. Muuzaji anasema darubini ni nzima, niende nikajifunze kulenga. Nirudishe darubini? Nibadili pete? Au mtutu ndio umepinda?

Kabwela
Mkuu usihangaike. Kata kipande cha bati la kopo, kiweke ndani ya pete ya nyuma upande mmoja, kaza. Jioni hiyohiyo unalenga.

Fundi_Timazi
Kabwela, bati ndani ya pete linauminya mrija wa darubini sehemu moja. Utapata risasi katikati ya alama, na baada ya muda kifundo kitaanza kuruka kliki kwa sababu mrija wa ndani haupiti vizuri. Ikibidi kuweka bati, liwekwe chini ya beisi. Lakini huyu bwana hajafika huko.

Mtazama, kwanza tuweke mtutu kando. Kundi dogo maana yake bunduki inarudia jambo lilelile kila mara, ila darubini inatazama kwingine. Sasa piga hesabu. Kutoka katikati una MOA 20 kila upande. Umezimaliza zote na bado unadaiwa sentimita 12, yaani MOA 4 na ushee, maana MOA moja kwenye mita 100 ni sentimita 2.9. Jumla ni MOA 24, karibu sentimita 70. Inatisha ukiiona kwenye karatasi. Lakini mita 100 ni mara elfu moja ya zile sentimita 10 kati ya pete zako, kwa hiyo sentimita 70 kule ni milimita 0.7 hapa. Unatafuta kitu chenye unene wa kadi ya benki. Kwa macho hutakiona, na ndiyo maana muuzaji anakuambia ujifunze kulenga.

Hesabu hiyo inasimama tu kama kifundo cha juu, kile cha kupandisha na kushusha, kipo karibu na kati. Kuna jambo wengi hawalijui: mrija wa ndani unacheza ndani ya mrija wa duara. Ukiupandisha sana kwa kifundo cha juu, nafasi ya kwenda pembeni inapungua. Zile MOA 40 za kwenye karatasi ni pale kifundo cha juu kipo kati.

Kwa hiyo fanya hivi, na usipoteze hata risasi moja. Toa magazini, hakikisha chemba ni tupu kwa macho na kwa kidole, kisha chomoa komeo uliweke mbali. Darubini iwe kwenye ukuzaji wa chini kabisa, bandika lenzi ya mbele juu ya kioo cha kujitazamia, chungulia nyuma. Utaona misalaba miwili ya kulengea, mmoja ni kivuli cha mwingine. Zungusha vifundo vyote viwili mpaka ilaliane. Hapo darubini iko katikati kweli.

Funga bunduki kwenye mifuko ya mchanga isitikisike. Chungulia ndani ya mtutu kwa nyuma, weka alama nyeusi ya mita 50 katikati ya tundu. Bila kugusa chochote, tazama kwenye darubini: msalaba uko wapi na umbali gani kutoka kwenye alama? Andika. Kisha pete ya mbele iende nyuma, ya nyuma ije mbele, bila kuzigeuza upande. Darubini ikiingia mahali pake tena, pima upya. Njoo na namba mbili.

Mtazama_Mbali
Asante sana Fundi. Hiyo ya kioo nilidhani utani mpaka nilipoiona misalaba miwili.

Namba zangu kwenye mita 50: kabla ya kubadilisha pete, msalaba ulikuwa sentimita 35 kulia mwa alama. Baada ya kubadilisha, sentimita 11, bado kulia. Sasa ndio nimechanganyikiwa zaidi. Ni pete au si pete?

Fundi_Timazi
Ni vyote viwili, na namba zako zinasema nani kachangia kiasi gani. Pete zikibadilishana nafasi, kosa lao linageuka upande. Kosa la beisi linabaki palepale. Mara ya kwanza yalijumlishana, mara ya pili yakapunguzana. Chukua 35 na 11, jumlisha, gawa kwa mbili: 23 ni za beisi. Toa, gawa kwa mbili: 12 ni za pete. Ungenunua pete mpya ungebaki na theluthi mbili ya tatizo na muuzaji angefurahi.

Ng'oa beisi zote mbili. Darubini inatazama kulia mno, kwa hiyo nyuma yake imesogea kushoto au mbele imesogea kulia. Mimi ningeanza na ya nyuma. Angalia chini yake: rangi, uchafu, kingo za mashimo zilizoinuka, skrubu ndefu iliyogota kabla ya kukaza. Beisi ikilala upande kidogo tu, pete iliyo juu yake inasogea zaidi kwa sababu iko juu.

Mtazama_Mbali
Nimekuta tone la gundi ya kukazia skrubu limekauka chini ya beisi ya nyuma, upande wa kulia, gumu kama jiwe. Nimelikwangua kwa kipande cha plastiki, nikasafisha kwa spiriti, nikarudisha. Msalaba sasa uko sentimita 12 au 13 KUSHOTO mwa alama. Nafurahi au nalia?

Fundi_Timazi
Furahi. Hiyo ndiyo sehemu ya pete iliyobaki peke yake, na iko upande wa pili kwa sababu bado zimebadilishana nafasi. Ni kama MOA 8, kifundo kinazimudu. Ila mimi nisingeiacha. Pete zisizokaa mstari mmoja zinaupinda mrija ukizikaza. Tafuta zenye vikombe vya plastiki ndani, kama Burris Signature. Vikombe vinajigeuza vyenyewe kufuata mrija, na vipo vilivyotobolewa kando ya kati kwa ajili ya kurekebisha tofauti kama yako. Kuzisaga ulizonazo kunawezekana, lakini robo milimita ni chuma kingi cha kuondoa.

Skrubu kaza kwa kupokezana, ya kulia kidogo, ya kushoto kidogo. Pete nyingi huandikiwa karibu Nm 2 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Fuata karatasi ya pete zako, si nguvu za mkono.

Mama_Shabaha
Kabla hajakaza hizo pete mpya, aning'inize timazi mbele, kamba na kitu kizito, alaze pimamaji kwenye reli au juu ya beisi mpaka bunduki ikae sawa, kisha azungushe darubini mpaka uzi wa wima wa msalaba ufuate kamba. Wengi hulinganisha kwa jicho. Msalaba ukiinama nyuzi 3 hutaona kitu kwenye mita 100, lakini siku utakayopandisha kifundo cha juu kwa kiasi cha mita moja kule mbali, risasi itakwenda pembeni sentimita 5. Na ukishakaza, angalia tena. Skrubu za upande mmoja zikitangulia, darubini huzunguka nazo.

Mtazama_Mbali
Pete nimeagiza. Mama, timazi niitundike mita ngapi mbele?

Mama_Shabaha
Mita 20 zinatosha, kama kamba ni nene na hakuna upepo. Kizito chake kitumbukize kwenye ndoo ya maji kisiyumbe.