Tupeane uzoefu: Kipepeo wa kwenye filamu na wa jukwaani

Ndugu zangu, nimeleta mada hii kwa sababu kila ninapokutana na kazi yenye jina la kipepeo hujiandaa kuona uzuri na uhuru, kisha hutoka nimeona kiumbe aliyenaswa. Nililibaini hilo nikiwa mwanafunzi Ujerumani, siku niliponunua tiketi ya bei ya chini kabisa, kule juu roshanini, nikaangalie Madama Butterfly, yaani Bibi Kipepeo, opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) ya Mwitaliano Puccini. Kiitaliano sikijui, maandishi yaliyokuwa yakipita juu ya jukwaa ndiyo yaliyoniokoa. Usiku wa harusi, Cio-Cio-San, binti wa Nagasaki mwenye miaka 15, anamwambia mumewe, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, kwamba amesikia kuwa huko kwao mtu akimkamata kipepeo humchoma kwa pini na kumbandika ubaoni. Mume hakanushi, anajibu kwamba hufanywa hivyo ili asitoroke. Wenzangu walikuwa wakizifurahia sauti, mimi nikabaki na ile pini. Hata baadaye, alipokuwa akiulizia ni lini ndege wa Marekani hujenga viota, kwa kuwa mume aliahidi kurudi msimu huo, nilikuwa nimeshakata tamaa kwa niaba yake. Onyesho la kwanza, Milan, Februari 1904, lilizomewa hata Puccini akaiondoa kazi yake na kuirekebisha; Mei mwaka huohuo, mjini Brescia, ikashangiliwa.

Naomba kila mmoja atueleze kipepeo wake, na alikutana naye katika hali gani.

Mchango wa kwanza
Ndugu mleta mada, wangu ni Papillon ya mwaka 1973, niliyoionea kibanda umiza. Jina hilo ni kipepeo kwa Kifaransa, naye mfungwa anayeigizwa na Steve McQueen amelipata kwa sababu ya kipepeo aliyechorwa kifuani mwake. Umeme ulikatika akiwa amesimama ukingoni mwa jabali, gunia la nazi la kuelea nalo limeshatupwa baharini. Kiingilio hatukurudishiwa. Wenzangu walisema alizama. Mimi ni mtu wa Tanga, nazi nazijua, nikabisha mpaka nyumbani. Ilipita miaka mingi kabla sijauona mwisho wake.

Mchango wa pili
Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na iliyonigusa ni filamu ya Kihispania ya mwaka 1999, La lengua de las mariposas, yaani ulimi wa vipepeo. Mwalimu mzee wa Galicia anawaeleza watoto kwamba ulimi wa kipepeo umejikunja kama kamani ya saa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vinapoanza mwaka 1936 anapakiwa kwenye lori pamoja na wafungwa wengine, na mwanafunzi wake mpenzi, akihimizwa na mamake, anamtukana na kumrushia mawe. Kisha matusi yanapomwishia anapiga kelele kwa maneno aliyofundishwa naye, likiwamo jina la ule ulimi. Sikulala vizuri. Wiki ile niliwatoa wanafunzi nje na kioo cha kukuzia, tukanyemelea ua moja kwa zaidi ya nusu saa mpaka kipepeo akatua, na kamani tukaiona ikifunguka.

Mchango wa tatu
Naomba kutofautiana kidogo na mleta mada. Katika filamu ya Julian Schnabel ya mwaka 2007, Le Scaphandre et le Papillon, yaani vazi la mzamiaji na kipepeo, kuhusu Jean-Dominique Bauby, mhariri wa jarida aliyepooza kwa kiharusi akabakiwa na jicho la kushoto tu, kilichonaswa ni mwili; kipepeo ni akili yake, nayo inaruka. Husomewa herufi, akapepesa ilipo anayoitaka, na kwa njia hiyo akaandika kitabu kizima. Baba yangu alipopatwa na kiharusi tulijaribu vivyo hivyo. Alipepesa kwenye M, kisha kwenye A, nasi tukakimbia kumwita mama. Mama alipofika, baba alifumba jicho kwa hasira na hakulifumbua mpaka tulipoanza upya, taratibu, tukafika kwenye J. Alikuwa anataka maji.